Tumaini kwa Mungu si Biashara



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu ili nitoe maoni yangu juu ya neno moja ambalo limezoeleka sana hapa Mahoko, nalo kwa fikira zangu lafaa liachwe. Neno lenyewe ni hili: "Fulani alipona kwa sababu alimtumaini Mungu." Likisikiwa mara ya kwanza ni neno jema, tena ni neno la shukrani. Lakini lina kivuli chake. Ukisema kwamba aliyepona alipona kwa ajili ya imani yake, umekwisha kusema, hata kama hukukusudia, kwamba aliyekufa alikufa kwa kukosa imani. Kivuli hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wasomaji wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba tusimtumaini Mungu, la hasha! Mimi ni Mkristo, nimelelewa katika nyumba ya Kikristo, nami nasoma katika shule ya misheni ambamo siku huanza kwa sala na kwisha kwa sala. Nisemalo ni kwamba tumaini la Mkristo si biashara, mtu atoe sala mkono huu na kupokea usalama mkono wa pili. Wala amani ambayo Kristo huwapa watu wake si ahadi ya kwamba hawatapatwa na mabaya. Ni kitu kingine, na nitajaribu kukieleza kadiri ya uwezo wangu.

Wanafunzi wa zamani ambao sasa wako mbali, Kigali, Nairobi, au hata Ulaya, watakumbuka mahali petu palivyo. Barabara itokayo Musanze hushuka milimani kwa kona nyingi, ikapita hapa Mahoko katika tarafa ya Kanama, Wilaya ya Rubavu, kisha ikaendelea Nyundo mpaka Gisenyi. Siku ya soko huja watu wenye viazi, vitunguu, karoti na kabichi, na sauti za Kinyarwanda huchanganyika na Kiswahili cha wachuuzi waliozoea kuvuka kwenda Goma. Kando yetu unapita mto Sebeya, ambao hutoka katika milima ya Rutsiro upande wa Gishwati na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mpaka unasimama mlima Nyiragongo, na usiku usio na mawingu mtu huweza kuona wekundu wa moto wake juu ya kilele.

Mlima wa moto, mto, na mpaka: haya matatu yametufundisha kusali kuliko mwalimu ye yote wa dini. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, mawe yaliyoyeyuka yakateremka kuelekea Goma, na kwa siku kadha wa kadha ardhi ilitetemeka hata nyumba za Gisenyi zikapasuka kuta. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, mabomu yaliangukia pia upande wetu wa Rubavu, na watu wakafa. Lakini msiba ulio karibu zaidi na sisi wa Mahoko ni ule wa Sebeya. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilinyesha bila kukoma juu ya Jimbo la Magharibi, la Kaskazini na la Kusini. Milima ikaporomoka juu ya nyumba za watu waliolala. Sebeya ukaacha njia yake ukaingia vijijini. Katika nchi nzima walikufa watu zaidi ya 130, na maelfu ya nyumba yakaharibika. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa zaidi, pamoja na Rutsiro, Ngororero, Nyabihu na Karongi.

Tangu siku hiyo, kila ifikapo Aprili na Mei na mvua ikipiga mabati ya bweni, kuna wenzetu ambao hawalali. Mmoja wao alinieleza habari zake. Mafuriko yalimchukua mama yake. Siku za matanga alikuja mgeni mmoja kuwapa pole, akashuhudia mbele ya watu jinsi yeye na watoto wake walivyopiga magoti usiku ule na Mungu akaugeuza mto usiifikie nyumba yao. Watu wakaitikia "Amina". Mwenzangu akaniambia, "Mama yangu hakukosa ibada hata Jumapili moja. Alitufundisha sala kabla hatujajua kusoma. Sasa niambie, yeye alipungukiwa na nini?"

Ndugu wasomaji, swali hilo si la kujibiwa kwa haraka. Kijana huyo hakuwa akimtukana Mungu. Alikuwa akiuliza hesabu ambayo sisi wenyewe tumemfundisha: sala upande mmoja, usalama upande wa pili. Hesabu hiyo ilipokataa kutoka, alibakiwa na njia mbili tu. Ama mama yake hakuwa na imani, ama Mungu hakutimiza neno lake. Zote mbili ni mbaya, na zote mbili zamtenga mtu na faraja wakati anapoihitaji kuliko wakati wo wote. Kwa hiyo nasema kwamba kosa haliko kwa mwenzangu wala kwa mama yake, bali liko katika hesabu yenyewe. Nayo si hesabu ya Kikristo hata kidogo, ijapokuwa twaisikia kila mahali.

Tutazame Biblia, maana ndiyo tunayodai kuifuata. Bwana Yesu aliletewa habari za misiba ya siku zake. Kulikuwa na mnara pale Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Yeye mwenyewe aliuliza kama watu wale walikuwa na makosa kupita wenyeji wengine wa Yerusalemu, akajibu kwamba sivyo. Hakumpa mtu nafasi ya kupima dhambi za wafu kwa uzito wa mawe yaliyowaangukia. Badala yake aliwageukia wale walio hai, akawaambia watazame mioyo yao wenyewe. Ikiwa Bwana alikataa kufanya hesabu hiyo juu ya wafu wa Siloamu, sisi ni nani tuifanye juu ya wafu wa Sebeya?

Tena tusome Matendo ya Mitume, sura ya 12. Mfalme Herode alimwua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Kisha akamkamata Petro naye, akamtia gerezani. Usiku malaika akaja akamfungua Petro minyororo, akatoka mzima. Wote wawili walikuwa mitume. Wote wawili waliitwa na Bwana kando ya ziwa lile lile, wakaziacha nyavu zao. Je, nani atathubutu kusema kwamba Petro alikuwa na imani na Yakobo hakuwa nayo? Kitabu hakisemi hivyo. Kinatueleza tu kwamba mmoja aliuawa na mwingine akaokolewa, wala hakitoi sababu. Nami naona kwamba kunyamaza huko ni fundisho kwetu. Mahali ambapo Maandiko yamenyamaza, mgeni wa matanga asijaze maneno yake.

Wapo na wale vijana watatu, Shadraka, Meshaki na Abednego, ambao wengi wetu tulifundishwa habari zao tungali watoto wadogo. Watoto hupenda mwisho wa habari, jinsi walivyotoka motoni bila hata nywele kuungua. Lakini sisi tulio wakubwa tuutazame mwanzo wake. Kabla ya kutupwa motoni walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, tena wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, wao hawataisujudia sanamu yake. Imani yao ilikuwa imekwisha kukamilika pale, mbele ya tanuru, kabla hawajajua kama watapona. Kama wangeteketea, imani yao isingepungua hata chembe.

Sasa niiache Yerusalemu na Babeli, nirudi kwetu, kwa maana hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Rwanda tuna methali ya wazee isemayo kwamba Mungu hushinda kwingine mchana kutwa, lakini usiku hurudi kulala Rwanda. Baada ya mwaka 1994 watu wengi waliuliza, "Alilala wapi basi mwaka ule?" Nyundo, jirani yetu, ni mahali pa kale pa Ukristo. Misheni yake ilianzishwa mwaka 1901, na mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawekwa hapo kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji. Hata hivyo, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia Nyundo wakitumaini kwamba nyumba ya Mungu itawakinga, waliuawa huko huko. Hatuna ruhusa ya kulificha jambo hili tunapozungumza habari za kumtumaini Mungu. Neno lo lote la faraja lisiloweza kusemwa mbele ya makaburi ya Nyundo, na lisisemwe.

Lakini katika mwezi ule ule wa Aprili 1994, mjini Gisenyi, alikuwako Bibi Félicité Niyitegeka. Alikuwa mmoja wa wanawake walei waliojiweka wakfu kwa Mungu ili kulitumikia Kanisa, naye alifanya kazi katika nyumba iitwayo Centre Saint-Pierre. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, kwa hiyo hakuwa miongoni mwa waliokuwa wakisakwa. Aliwapokea Watutsi waliokuwa wakiwindwa, akawaficha, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Ndugu yake alikuwa ofisa wa jeshi. Alipopata habari kwamba dada yake yu hatarini, alimtaka aondoke, ajiokoe. Bibi Félicité akamwandikia barua. Alimshukuru kwa kumfikiria, akamweleza kwamba kwake ni heri kufa kuliko kuwaacha wale watu 43 aliokuwa nao mikononi mwake. Akaomba waombewe wafike kwa Mungu, akatuma salamu za kumwaga mama yao mzee. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja na watu wake. Leo nchi yetu imemweka katika daraja la mashujaa liitwalo Imena.

Nawaomba wasomaji wasimame kidogo mbele ya habari hii. Kwa hesabu ile ya biashara, sala za Bibi Félicité zilishindwa. Alisali, naye akauawa, na wale aliokuwa akiwaombea wakauawa. Lakini sijapata kumsikia mtu hata mmoja, hapa wala kwingineko, akisema kwamba mama yule hakumtumaini Mungu. Kila mtu ajua kwamba alimtumaini kuliko wengi waliopona. Basi ndani ya mioyo yetu twajua tayari kwamba hesabu ile ni ya uongo. Twaisahau tu tunapofika kwenye matanga ya majirani zetu.

Tena barua yake yatuonyesha amani ni kitu gani. Mimi siwezi kuingia moyoni mwake, wala sitadai kwamba hakuogopa. Ni mwanadamu gani asingeogopa? Lakini mtu aliyetawaliwa na hofu haandiki namna ile. Mtu aliyetawaliwa na hofu hutafuta mlango. Yeye mlango aliupewa, akaushukuru, akauacha wazi bila kupita, kwa sababu ndani ya nyumba kulikuwa na watu. Kisha akakumbuka kumwaga mama yake. Hiyo ndiyo amani ninayoisema. Hofu ilikuwapo, lakini haikuwa bwana wa nyumba. Mungu alikuwa ameishika nafasi hiyo, na kwa hiyo moyo ulipata uhuru wa kuwatazama watu wengine.

Labda mwenzangu wa darasani atasema, "Huyo alikuwa mtu mzima, aliyekomaa katika imani, sisi vijana tutaweza wapi?" Basi na atazame Nyange, katika wilaya ya Ngororero, jimbo hili hili letu. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya huko, wanafunzi wakiwa katika masomo ya jioni kama sisi tulivyo kila siku. Wakaamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa, wakasema kwamba wao ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa, na wengine wana majeraha hata leo. Sitadai kuujua moyo wa kila mmoja wao wala sala zake. Nasema tu kwamba walikuwa watu wa umri wetu, wenye madaftari kama yetu, na moyo ulio imara haukungoja wapate mvi.

Sasa nijibu mambo mawili ambayo najua yataulizwa.

La kwanza, wako wasemao kwamba mafundisho ya kumtumaini Mungu huwafanya watu wavivu, wakae mikono kifuani wakingoja miujiza. Kwa kweli wapo watu wa namna hiyo, lakini tumaini lao siyo lile la Biblia. Nuhu alimwamini Mungu, akachukua shoka. Yusufu alimwamini Mungu, akajenga ghala za nafaka kwa miaka 7. Na sisi hapa Mahoko tusimsingizie Mungu mambo yaliyotokana na mikono ya watu. Msitu wa Gishwati, ulio juu yetu, katika miaka ya 1970 ulikuwa na eneo la hekta zipatazo 28,000. Ulikatwa kwa ajili ya malisho na mashamba, na baadaye kwa ajili ya makao ya watu waliorudi nchini bila ardhi, hata mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikabaki hekta kama 600 tu. Mlima usio na miti hauwezi kushika maji. Mvua ikinyesha, maji hukimbia yote kwa pamoja, yakibeba udongo, nao mto hujaa kwa saa chache. Kwa hiyo yule anayepanda mianzi kando ya Sebeya, anayechimba matuta milimani, anayekwenda umuganda Jumamosi ya mwisho wa mwezi na jembe lake begani, huyo hapungukiwi na imani. Anamtii yule aliyemkabidhi Adamu bustani ili ailime na kuitunza. Na yule aliyejenga karibu na mto kwa sababu hakuwa na kiwanja kingine, tusimlaumu kwa ulegevu. Tumsaidie kuhama.

La pili ni gumu zaidi. Mtu atauliza, "Kama sala hainipi hakika ya usalama, yafaa nini kusali?" Nimelifikiri swali hili muda mrefu, na jibu nililolipata ni bustani ya Gethsemane. Usiku ule Bwana Yesu alisali, tena kwa uchungu mwingi. Aliomba kikombe kimwondokee. Hakuona haya kuomba apone, wala sisi tusione haya. Mtoto asipomweleza baba yake hofu yake, atamweleza nani? Lakini kikombe hakikuondolewa. Basi je, sala ile ilikuwa bure? Tazama kilichotokea. Wanafunzi wake ambao walilala badala ya kusali, walipoona mienge na marungu walitawanyika wote. Yeye aliyesali aliinuka akaenda mwenyewe kuwalaki wale waliokuja kumkamata, naye akawatetea rafiki zake waachwe waende zao. Kikombe kilikuwa kile kile, lakini namna ya kukiendea ilikuwa nyingine. Hilo ndilo sala ilimpa, na hilo ndilo naamini kwamba Bibi Félicité alipewa mjini Gisenyi.

Nasi Wakristo twaamini kwamba habari haikuishia kaburini. Kama ingeishia huko, maneno yangu yote yangekuwa maneno ya kujikaza tu, kama askari asiye na tumaini la kurudi nyumbani. Lakini Kristo alifufuka. Kwa hiyo mama wa mwenzangu, ambaye hakukosa ibada hata Jumapili moja, hakumpoteza Mungu wake ndani ya maji ya Sebeya, wala Mungu hakumpoteza yeye. Siwezi kueleza kwa nini mto uliipita nyumba ya mgeni yule na kuichukua nyumba ya mama huyu. Hata mzee mwenye mvi hawezi. Lakini naweza kusema bila kusitasita kwamba hakupungukiwa na kitu.

Labda wengine wataona kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa gazeti la shule. Sidhani hivyo, maana hesabu ile ya biashara tunayo hata katika mambo yetu madogo ya kila siku. Mitihani ya taifa ikikaribia, kanisa la shule hujaa. Ni vyema lijae. Lakini yuko anayesali ili asisome, na yuko anayesali ili asome bila kutetemeka. Wa kwanza akianguka atamlaumu Mungu, ingawa Mungu hakupata kumwahidi kumfundisha kemia mtu aliyelala. Wa pili, hata akianguka, atainuka tena, kwa sababu alikuwa ameuweka moyo wake mahali ambapo matokeo ya mtihani hayafiki. Vivyo hivyo kwa yule ambaye baba yake hana karo muhula huu, au yule ambaye nyumbani kuna mgonjwa. Tuombe karo, tuombe uzima, tuombe kwa nguvu zetu zote. Lakini tusimpime Mungu kwa karo, wala tusimpime mwenzetu kwa bahati yake.

Basi nataka kutoa mashauri matatu, kwa wanafunzi wenzangu na kwa wanafunzi wa zamani ambao wengi wenu sasa ni wazazi, walimu, na viongozi makanisani.

Kwanza, mtu aliyepona na ashukuru, tena ashukuru kwa sauti. Lakini kwenye matanga ya mwenziwe ashukuru kimoyomoyo. Shukrani yangu isigeuke kuwa hukumu juu ya marehemu wako. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa kweli. Walipofungua vinywa vyao kutafuta kosa lake, ndipo walipoharibu.

Pili, tumpe aliyefiwa mikono kabla ya kumpa maelezo. Nilivyoona mwaka ule wa 2023, waliowafariji watu kweli ni wale waliowaletea blanketi, waliowapikia uji watoto katika kambi za muda, waliotoa koleo na kuondoa matope nyumbani mwa majirani. Wengi wao hawakuhubiri. Lakini kama mtu angeuliza Mungu alilala wapi usiku ule, mimi ningemwonyesha watu hao.

Tatu, tusali kila siku, pasipo kungoja mvua. Moyo hauwezi kufundishwa amani katika dakika ile maji yanapogonga mlango. Bibi Félicité hakujifunza kumtumaini Mungu siku ndugu yake alipomtaka aondoke. Alikuwa amejifunza muda mrefu kabla, katika siku za kawaida, katika kazi ndogo ndogo za kuwahudumia watu ambazo hakuna gazeti lililoziandika. Sisi nasi siku zetu za kawaida ndizo hizi: kengele ya asubuhi, zamu ya kufagia, mwenzetu asiyelala mvua inaponyesha. Kama kitanda chako kiko karibu na chake, amka ukae naye. Huna haja ya kumweleza kitu.

Mvua za masika zitarudi, na Sebeya utajaa tena. Nyiragongo haujazimika. Sijui kati yetu ni nani atakayepona na nani atakayepatwa, wala Mungu hakutuahidi kutujulisha. Alituahidi kuwa pamoja nasi. Kwa maoni yangu ahadi hiyo yatosha mtu kulalia, na tena yatosha mtu kuamkia kazi. Yeye ambaye ana fikira nyingine, namwomba naye aandike. Kurasa hizi ni zetu sote, na mabishano ya heshima hutufundisha sote.

Ndimi wenu katika Kristo,

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Mahoko